PICHA ZA NYUMBA YAKO ZINAKAA WAPI?

Zamani mama akitaka kumwonyesha mgeni picha za harusi yake alikwenda chumbani, akafungua sanduku la nguo, akatoa albamu iliyofungwa ndani ya khanga. Albamu ilikuwa moja na kila mtu nyumbani alijua ilipo. Leo nyumba hiyo hiyo ina picha elfu kadhaa, lakini ukiuliza ziko wapi, baba atasema ziko kwenye simu yake, binti atasema alishazituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na mama atakumbuka kikadi kidogo alichokifunga kwenye pindo la leso wakati wa kipaimara cha mtoto, ila leso yenyewe ndiyo haonekani nayo.

Tumeona vema mwezi huu tulizungumze jambo hili, maana kati ya mambo yote ya vyombo vya umeme, hili ni la mama kuliko la mtu mwingine yeyote. Kupiga picha kila mtu anajua. Anayeulizwa miaka kumi baadaye ile picha ya ubatizo iko wapi ni mama.

Tunamfahamu mama mmoja aliyefiwa na mumewe ghafla. Picha zote za miaka yao minne ya mwisho, pamoja na video ya marehemu akimfundisha kitinda mimba wao kuhesabu, zilikuwa kwenye simu ya marehemu, na simu hiyo ilifungwa kwa neno la siri asilolijua. Baada ya mazishi shemeji yake aliipeleka kwa fundi ifunguliwe. Fundi aliifungua kweli, kwa njia anayoijua: aliifuta yote na kuianzisha upya. Ikarudi nyumbani safi kama iliyotoka dukani. Hatumlaumu fundi, maana aliambiwa afungue simu, hakuambiwa aokoe picha. Na simu za siku hizi huandika vitu vyake kwa fumbo, hivi kwamba ikishafutwa namna hiyo hakuna fundi wa kuzirudisha picha.

Tunajua kuulizana maneno ya siri kati ya mume na mke huleta maneno katika nyumba nyingi. Lakini hapa hatuzungumzii kupekuana. Mkiona vigumu kuambiana, basi picha zinakiliwe mahali pengine ambapo ninyi wawili mnapafikia, na simu ibaki na siri zake.

KUPIGA NI KUMOJA, KUTAZAMA NI KWINGINE

Kamera ya kwanza isiyotumia filamu ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak ya Marekani. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo tatu, ikachukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na picha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Ili ionekane, kaseti ilitolewa ikawekwa kwenye mashine nyingine iliyounganishwa na televisheni. Kwa hiyo tangu mwanzo kamera ilihitaji mwenzake wa kutazamia.

Mwenzake huyo alikuja kuwa mdogo wa kushikika mkononi. Mwaka 2004 kampuni ya Epson ilitoa kifaa kiitwacho P-2000, chenye kioo cha inchi 3.8 na diski ya GB 40 ndani yake. Ulichomeka kadi ya kamera, kifaa kikanakili kila kilichomo, nawe ukatazama picha na video pale pale bila kompyuta. Wapo waliovipata vifaa vya namna hiyo kutoka kwa ndugu walio ng'ambo, na baadhi bado vimelala kabatini na picha zake. Kama unacho, kitoe mwezi huu. Diski yake ni ya kuzunguka, ikianguka mara moja sakafuni inaweza kuwa ndiyo basi, na betri iliyokaa miaka mingi huvimba. Ukiiona imevimba usiichaji. Mpelekee mtu anayejua aitoe diski peke yake.

Kwa wengi wetu kazi hiyo sasa inafanywa na simu, au tableti, au ile fremu ya umeme inayowekwa juu ya kabati la vyombo ikibadilisha picha yenyewe. Utaratibu wa mafaili ni ule ule.

NDANI YA KADI

Ukiifungua kadi ya kamera yoyote kwenye kompyuta utakuta folda yenye jina DCIM. Haijalishi kamera imetengenezwa na nani. Utaratibu huo uliwekwa Japani mwaka 1998 ili kadi ya kamera hii isomeke kwenye kifaa kile, na simu nyingi nazo zimeufuata. Ndani yake kamera huzipa picha namba, mathalani IMG_0001, kisha 0002, na kuendelea. Ikifika 9999 inarudi kwenye moja.

Hapo ndipo penye mtego. Picha ya ubatizo wa mtoto wa kwanza inaweza kuitwa IMG_0412, na picha ya mahafali ya mtoto wa tatu nayo ikaitwa IMG_0412. Ukizinakili kadi mbili ndani ya folda moja, kompyuta itakuuliza kama iweke hii mahali pa ile. Watu wamechoka, sufuria iko jikoni, wanabonyeza ndiyo. Ubatizo umekwenda. Jibu la swali hilo ni hapana siku zote.

Dawa yake ni kuipa kila shughuli folda yake, na jina la folda lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-12-25 Krismasi kwa bibi. Ukianza na mwaka, folda zinajipanga zenyewe kwa kufuatana. Ukianza na siku, Krismasi zote zitakaa pamoja na hutajua ipi ni ya mwaka gani. Ila kazi hiyo ifanye kwenye nakala. Ukibadilisha majina ndani ya kadi yenyewe, kamera inaweza kukataa kuzionyesha, nawe ukadhani zimepotea.

Picha za WhatsApp hazikai humo. Zina folda yake, na humo zimechanganyika na maua ya salamu za asubuhi, matangazo ya michango, na vichekesho vya mashemeji. Pitia ukizifuta jioni moja moja, maana ndizo zinazoijaza simu hadi inakataa kupiga picha siku ya harusi ya mdogo wako. Ujue pia kwamba picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa. Kwenye kioo cha simu inapendeza, lakini ukiipeleka studio waisafishe kubwa ya kutundika ukutani, uso wa mama mkwe utatoka kama umetazamwa kupitia chandarua. Mwambie aliyepiga akutumie kama waraka, siyo kama picha, nayo itafika nzima.

MRABA MWEUSI

Akina mama wengi hushtuka wanapochomeka flashi kwenye televisheni, wageni wamekaa tayari, na badala ya picha wakaona mraba mweusi au alama ya kuuliza. Mara nyingi picha haijaharibika. Televisheni ndiyo haiujui muundo wake. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone huhifadhi picha katika muundo mpya uitwao HEIC, ambao hupunguza nafasi karibu nusu lakini vifaa vya zamani haviusomi. Kwenye mipangilio ya kamera ya simu hizo pana mahali pa kuchagua miundo. Chagua ule unaokubaliana na vifaa vingi zaidi, na picha zitakazopigwa kuanzia hapo zitakuwa JPEG, muundo unaosomwa na karibu kila kitu chenye kioo. Zilizokwisha kupigwa zitahitaji kubadilishwa kwa programu.

Video zina shida yake nyingine. Dakika moja ya video safi ya simu inaweza kuchukua MB 130, maana yake kadi ya GB 64 inajaa kwa saa nane hivi. Na flashi nyingi zimeandaliwa kwa utaratibu wa zamani uitwao FAT32, usiokubali faili moja kuzidi GB 4. Ndiyo sababu mpiga video akikuletea mahubiri ya harusi yako yamekatwa vipande viwili katikati ya sentensi ya mchungaji, huenda kamera yake ndiyo iliyokata ili kutii kipimo hicho. Vitazame vyote viwili kabla hujamgombeza.

Siku moja kifaa kitakuambia kwamba kadi haisomeki na kwamba inabidi iandaliwe upya. Usikubali. Kuiandaa upya ni kuifagia. Ichomoe, ijaribu kwenye kifaa kingine. Na kama mtoto amefuta picha, acha kuitumia kadi hiyo saa ile ile. Kilichofutwa kwenye kadi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na zipo programu za kukirudisha. Aliyeendelea kupiga picha ndiye aliyezipoteza. Kwenye simu, tazama kwanza folda ya vilivyofutwa karibuni: iPhone hutunza hadi siku 30 hivi.

NAKALA YA PILI ISILALE NYUMBA MOJA NA YA KWANZA

Flashi si ghala. Ni kikapu cha kubebea. Inapotea, inapinda, inafuliwa ndani ya mfuko wa suruali. Nunueni hadi diski ya nje, muiweke nakala ya kila kitu humo, na nakala nyingine iwe kwa mtu mnayemwamini, kwa dada yako au kwa wifi (yule wa ukoo, siyo wa intaneti). Mwizi akiingia hachagui. Anabeba kompyuta na diski iliyo kando yake kwa pamoja.

Wengine hutegemea Google. Ni msaada mkubwa, na mjane tuliyemtaja angekuwa na picha zake kama simu ya marehemu ingekuwa inazipeleka huko na akaunti anaijua. Lakini kuanzia tarehe 1 Juni 2021 nafasi ya bure ni GB 15 tu, tena ikichanganywa na barua pepe. Ikijaa, picha mpya haziendi, na wengi hawaoni ilani. Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Kama ndugu amefariki na picha zake ziko huko, msikae mkingoja.

Wenye kanda za harusi za miaka ya 1980 na 1990 wana haraka zaidi kuliko wote. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za video, iliacha Julai 2016. Deki zilizopo zinakufa moja moja, na kanda zenyewe huota ukungu, hasa kwetu wa pwani. Ukipata mahali wanapohamisha kanda kwenda kwenye faili, peleka, na ukirudi nayo itazame hadi mwisho kabla hujaitupa ile ya zamani. Kwa kweli usiitupe kabisa.

HESHIMA YA MTOTO

Picha ya mtoto akiogeshwa inafurahisha, lakini haina kazi kwenye kundi la watu 200. Ibaki nyumbani. Mtoto huyo atakuwa kijana, na simu za wenzake zitaikumbuka. Hali kadhalika mgonjwa aliye kitandani, na marehemu ndani ya jeneza: muulizeni mwenye msiba kwanza. Tena picha nyingi za simu hubeba ndani yake saa na mahali zilipopigwa. WhatsApp huondoa maelezo hayo picha inapotumwa kwa kawaida, lakini ile njia ya waraka tuliyoisifu juu inayabeba yote, kwa hiyo itumie kwa watu wako, usiitumie kwa usiyemjua.

Mahali hapo na saa hiyo, hata hivyo, havikuambii aliyesimama kushoto kwa babu ni nani. Waisraeli walipovuka Yordani walitoa mawe kumi na mawili mtoni wakayasimamisha, na Yoshua akawaeleza kwamba watoto watakuja kuuliza maana yake, nao wajibiwe. Mawe peke yake yasingesema kitu. Albamu nyingi za bibi zetu ziko hivyo sasa: nyuso nzuri, hakuna anayezijua, na aliyezijua amekwisha zikwa.

Kwa hiyo kabla ya kazi ya diski na nakala, kaa na mama yako au mama mkwe wako alasiri moja. Shika simu au tableti, mpitishie picha moja moja, naye ataje majina. Rekodi sauti yake. Atachoka baada ya picha thelathini, mwache, mrudi Jumapili nyingine. Kisha chagua picha kumi na mbili za kila mwaka, uzisafishe kwenye karatasi, zitiwe kwenye albamu ya mifuko. Usiandike kwa kalamu nyuma ya picha, kwa kuwa wino huweza kupenya au kuhamia kwenye picha ya jirani. Andika kwenye kikaratasi, ukitie mfukoni nyuma ya picha: nani, wapi, mwaka gani, na yule mtoto aliyefumba macho ni wa nani.