Mzee anasahau, au ni presha? Picha ya ubongo inavyoweza kugundua tatizo mapema

Mama alikuwa anatuma pesa kwa simu bila kuuliza mtu. Siku hizi anafika katikati anakwama, halafu anakupa simu umalizie. Majina ya wajukuu anayakumbuka yote. Nyumbani mnasema, "Ni uzee tu."

Huenda si uzee. Inawezekana mishipa midogo ya damu kwenye ubongo imeanza kuharibika.

Tatizo hili mara nyingi halianzi na kusahau. Mtu anakuwa mzito kufikiri, anashindwa mambo yenye hatua nyingi, na hata mwendo wake unabadilika. Lisipodhibitiwa, linaweza kufikia ugonjwa wa kupoteza uwezo wa akili, yaani dimensia.

Ndani ya ubongo kunatokea nini?

Presha ikikaa juu kwa miaka mingi, kuta za mishipa midogo zinakuwa nene na ngumu. Damu inapita kwa shida. Sehemu za ndani za ubongo, zenye nyuzi zinazopeleka taarifa, zinakosa damu ya kutosha.

Mshipa mwingine unaziba kabisa na kuleta kiharusi kidogo ambacho mwenyewe hakijui. Mkono haupoozi, mdomo haupindi. Ndiyo maana kinaitwa kiharusi cha kimyakimya. Kisukari na sigara vinaongeza hatari.

Picha inaonyesha nini?

Kipimo kinachoona vizuri zaidi ni MRI. Kinatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, hakina mionzi kama eksirei. Daktari anatafuta mambo matatu makuu:

- Madoa meupe: sehemu zilizoumia kwa kukosa damu ya kutosha.
- Vishimo vidogo: alama zilizoachwa na viharusi vya zamani.
- Nukta nyeusi: mahali ambapo damu kidogo iliwahi kuvuja.

Alama hizi zinaweza kuonekana miaka mingi kabla familia haijashtuka.

Vipi kuhusu CT-scan? Ni ya haraka na kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko MRI. Inafaa sana kuona damu iliyomwagika au kiharusi kikubwa. Ila madoa madogo ya mwanzo yanaweza kuipita.

Kwa hiyo kila mzee apigwe MRI?

Hapana. Watu wengi waliovuka miaka 60 wana madoa meupe kiasi na wanaishi vizuri tu. Picha peke yake haitoi jibu.

Daktari ataiunganisha na historia ya presha, maelezo ya familia na majaribio madogo kama kumwambia mgonjwa achore saa. Ataangalia pia sababu nyingine zinazotibika, kama sonona, upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi ya shingo.

Tatizo likionekana mapema, inasaidia nini?

Madoa mengi hayafutiki. Lakini kasi ya kuongezeka inaweza kupunguzwa.

Utafiti wa Marekani uitwao SPRINT MIND, uliotoa matokeo mwaka 2019, ulifuatilia zaidi ya watu 9,300 wenye presha, wa miaka 50 na kuendelea. Kundi moja lilitibiwa ili namba ya juu ya presha ishuke chini ya 120, jingine chini ya 140.

Kundi la 120 lilikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 19 ya kupata udhaifu wa mwanzo wa kumbukumbu na kufikiri. Kwa waliopigwa MRI, madoa meupe pia yaliongezeka polepole zaidi. Kwa dimensia yenyewe, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kitu.

Hii haina maana umuongezee mama dozi mwenyewe. Presha ikishuka kupita kiasi, mzee anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Kiwango kinachomfaa anapanga daktari.

Ufanye nini sasa?

Ukiona mabadiliko ya polepole, andika yalianza lini na uende naye hospitali. Lakini mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, usisubiri hata saa moja. Mkimbize.

Na kabla hujaanza kutafuta pesa ya MRI, jiulize: mara ya mwisho mama kupimwa presha ilikuwa lini? Kipimo hicho kinachukua dakika chache tu.