Ndugu wa Jimbo Moja: Wacheze au Wasicheze?

Tarehe 22 Desemba 2021, katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, nchi ya Marekani, kijana mmoja mzaliwa wa Lubumbashi alifanya jambo la kustaajabisha. Jina lake Oscar Tshiebwe. Katika mchezo mmoja wa mpira wa kikapu alidaka mipira 28 iliyokosa kuingia na kurudi uwanjani, na ekipi yake, ile ya Chuo Kikuu cha Kentucky, ikawashinda wageni alama 95 kwa 60. Miezi michache baadaye alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya nchi ile. Wazazi wengi wa kwetu wanalitaja jina lake kwa furaha, nao wana haki. Lakini leo, wasomaji wapenzi, tunataka kuzungumza juu ya wale wageni walioshindwa, kwa maana mchezo ule haukuwa wao.

Siku ile Kentucky ilikuwa icheze na Louisville, jirani yake na mpinzani wake mkubwa. Ugonjwa wa korona ukawashika watu wa Louisville, mchezo ukafutwa. Ndipo wakaitwa upesi vijana wa chuo cha Western Kentucky, kutoka Bowling Green, mji uliokuwa umepigwa na kimbunga kikali siku kumi na moja tu kabla. Vyuo hivi vitatu ni vya jimbo moja. Basi mtu atauliza: kwa nini ndugu wa jimbo moja amwite ndugu yake siku ile tu mgeni mwingine asipofika?

Jibu ni refu, na washabiki wa kule wamelibishania kwa miaka mingi, wengine kwa hasira kubwa.

Kwanza yafaa kujua namna michezo yao inavyopangwa. Kila chuo kimo katika chama cha vyuo kadhaa, na michezo ya chama ni ya lazima. Michezo mingine chuo chenyewe hujitafutia: huandika barua, hupatana siku, mahali na malipo. Mwezi wa Machi ekipi zilizo bora huitwa katika mashindano ya nchi nzima, na huko anayeshindwa mara moja anarudi nyumbani. Kentucky na Louisville hawamo katika chama kimoja. Kwa hiyo hakuna wa kuwalazimisha kukutana, ila wakubaliane wenyewe, au bahati ya mwezi wa Machi iwakutanishe.

Kwa muda mrefu Kentucky haikukubali. Tangu 1922 hata 1983 haikupanga mchezo hata mmoja na Louisville, ingawa kati ya miji yao miwili si mbali kupita kilometa 130. Mwenye amri kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa Bwana Adolph Rupp, mwalimu wa ekipi kwa miaka 42, kuanzia 1930 mpaka 1972. Alishinda michezo 876 na kuchukua ubingwa wa nchi mara nne. Mtu wa namna hiyo akisema hapana, nani atambishia?

Tusimwonee lakini. Hoja za upande wake zilikuwa na uzito wake. Mkubwa akimshinda mdogo, watu husema, ilikuwa lazima. Akishindwa, fedheha yake haifutiki mwaka mzima. Tena vijana wenye vipaji vijijini hutazama nani ameshinda kabla ya kuchagua chuo. Kwa nini basi umfungulie jirani mlango wa ghala lako mwenyewe? Wengine walisema kwa moyo safi kwamba chuo kikuu cha jimbo ni mali ya watu wote, na mchezo wa kuwagawa watu nyumba kwa nyumba haufai.

Washabiki wa Louisville walijibu kwamba hayo ni maneno ya tajiri anayeogopa kuhesabiwa mali yake. Tangu 1970 Louisville nacho kilikuwa chuo cha serikali ya jimbo. Mlipa kodi ni yule yule, hazina ni ile ile. Baba mwenye watoto wawili hamkatazi mmoja asikanyage ua wa mwenzake.

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi, ambalo wengi hawakulitamka kwa sauti. Katika jimbo la Kentucky sheria ya 1904 ilikataza watoto weusi na weupe kusoma pamoja, na nguvu yake ilidumu karibu nusu karne. Louisville iliingiza wachezaji weusi katika ekipi yake mwaka wa 1962. Kentucky haikuchezesha mweusi hata msimu wa 1970. Kwa hiyo mchezo usiochezwa ulikuwa na maana moja kwa mzungu wa Lexington na maana nyingine kabisa kwa mtu mweusi wa mji wa Louisville, mji ule ule aliozaliwa Muhammad Ali, ambaye wazee wetu walimwona Kinshasa mwaka wa 1974. Wenye kuandika historia hawajakubaliana juu ya moyo wa Bwana Rupp, wala sisi hatuwezi kuuhukumu. Ila jambo moja halina ubishi: mwezi wa Machi 1971 mashindano ya nchi yaliikutanisha Kentucky na wale wale Western Kentucky, waliokuwa na wachezaji weusi hodari, na Western wakashinda 107 kwa 83. Tofauti ya alama 24! Siku ile wengi walifahamu kwa nini barua za Bowling Green hazikuwa zikijibiwa.

Ikafika tarehe 26 Machi 1983. Mashindano yaliwakutanisha Kentucky na Louisville huko Knoxville, katika jimbo jirani la Tennessee, na mshindi angeingia katika ekipi nne za mwisho. Mwaka mmoja nyuma watu walikuwa wamengoja mkutano huo huo, lakini Kentucky ikaangushwa mapema na chuo kidogo kisichotazamiwa. Safari hii hakuna aliyeanguka. Gavana wa jimbo, Bwana John Y. Brown, hakutaka kuonekana amechagua mtoto mmoja: alivaa koti nusu buluu, nusu jekundu, rangi za vyuo vyote viwili. Katika nukta ya mwisho Jim Master wa Kentucky akatupa mpira, ukaingia, wakawa sawa 62 kwa 62. Lakini katika dakika za nyongeza vijana wa Louisville waliwazunguka wenzao kama nyuki: alama 18 kwa 6. Mwisho, 80 kwa 68.

Hapo hoja ya kukataa ikafa. Jambo lililoogopwa lilikuwa limekwisha kutokea, tena mbele ya macho ya nchi nzima. Miezi michache tu baadaye vyuo vikapatana, na tarehe 26 Novemba 1983 Louisville wakaja Lexington wakapigwa 65 kwa 44. Jimbo halikupasuka. Tangu hapo wamekutana karibu kila mwaka, isipokuwa ule wa 2021 tuliousimulia. Tshiebwe naye alikutana nao tarehe 31 Desemba 2022, na Kentucky ikashinda 86 kwa 63.

Kentucky si peke yao. Katika jimbo la Ohio, chuo cha Cincinnati kiliishinda Ohio State katika fainali za 1961 na 1962, miaka miwili mfululizo. Hawakukutana tena mpaka 2006. Huko Kansas, mbunge mmoja alileta mswada mwaka wa 2013 ili sheria iwalazimishe wakubwa wa Kansas kucheza na Wichita State. Haukupita. Kwa maoni yetu ni vema haukupita, maana urafiki wa kuamriwa na bunge ni urafiki gani? Miaka miwili baadaye mashindano yaliwakutanisha bure, Wichita wakashinda 78 kwa 65, na mwishoni mwa 2023 wakacheza mchezo ambao wakubwa walikubali wenyewe kuupanga.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Ugomvi wa Kentucky ulidumu miaka sitini bila mchezo wa kupangwa, na haukupungua hata kidogo. Mtu usiyemwona ni rahisi kumchukia: unamtungia maneno, naye hayupo kujibu. Ukicheza naye kila Desemba, unajua jina lake, unajua mkono anaotumia, unajua kwamba naye huchoka.

Hata hivyo wanaosema mchezo huleta fujo nao wana ushahidi wao. Mwaka wa 2012, ekipi hizo zilipokuwa zikingoja kukutana New Orleans, wazee wawili waliokuwa wakisafishwa damu katika kliniki moja ya mji wa Georgetown, Kentucky, walibishana juu ya mchezo ule hata mmoja akampiga mwenziwe ngumi. Polisi wakaitwa. Watu wazima, wagonjwa, kila mmoja na mpira wake wa kuwaniwa kichwani! Tunacheka, lakini ni kicheko cha huzuni.

Na wale walimu wawili wa 1983, waliokuwa wamekaa pande mbili za uwanja wa Knoxville, yaani Joe B. Hall wa Kentucky na Denny Crum wa Louisville? Walipozeeka wakawa marafiki. Mwaka wa 2004 walianza kipindi chao wenyewe katika redio, wakikaa meza moja na kuongea juu ya mpira, juu ya watu, na kutaniana kuhusu michezo ya zamani. Washabiki wa buluu na wa jekundu waliwasikiliza pamoja kwa miaka kumi. Bwana Hall alifariki Januari 2022, na Bwana Crum akamfuata Mei 2023.