Kana, Usukani na Mrama: Istilahi za Kuongozea Ndege ya Kuigiza

Mchezo wa kompyuta unaoigiza ndege ya kivita hauanzi kwa kuruka. Kwanza mchezaji hana budi kuipa kila sehemu ya joistiki, yaani fimbo ya kuongozea, kazi yake: huku pua ya ndege iinuke, kitufe hiki kifyatue bunduki, kile kiteremshe magurudumu. Ugawaji huo unafanana sana na kazi ya mtunga istilahi. Kitufe kimoja kikipewa kazi mbili, mchezaji huteremsha magurudumu pale alipokusudia kufyatua. Neno moja likipewa maana mbili katika fani moja, msomaji hupotea vivyo hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msamiati wa mabaharia wa pwani ya Kwale, tangu Diani na Msambweni hadi Vanga, unavyoweza kuitumikia fani hii, na mahali ambapo haufai.

Kuchota maneno baharini si jambo geni. Neno rubani, lenye asili ya Kiarabu, lilimhusu yule aliyekiongoza chombo kipite salama penye miamba. Leo, katika kiwanja cha Ukunda karibu na Diani, rubani ni mwendesha ndege. Usukani nao ulitoka tezini mwa jahazi ukaingia garini. Baharia hutua tanga, na rubani hutua uwanjani, wala hapana anayechanganyikiwa. Pwani hii ni ya Wadigo pamoja na wasemaji wa Chivumba na Chifundi, lahaja ambazo H. E. Lambert alizieleza katika vitabu vyake vya mwaka 1957 na 1958. Hapana shaka kwamba hazina ya maneno ipo. Swali ni jinsi ya kuyagawa.

Ndege husogea kwa namna tatu: pua hupanda au kushuka, bawa moja hushuka na la pili kupanda, na pua huelekea kushoto au kulia. Kwa namna ya kwanza, fimbo ikivutwa kwa mchezaji pua huinuka, ikisukumwa mbele pua huinama. Kwa namna ya pili, fimbo ikisukumwa kulia ndege hulalia kulia. Namna ya tatu hutokana na pedali za miguuni au, pasipo na pedali, kwa kuizungusha fimbo yenyewe.

Kwa namna ya pili, neno linalojileta kwanza ni mrama. Lakini chombo huenda mrama kwa kurushwa na mawimbi. Nahodha hakusudii, na ndiyo maana jambo lililoharibika husemwa kuwa limekwenda mrama. Rubani wa kivita huilaza ndege yake kwa makusudi ili aweze kupinda. Sarufi ya Kiswahili inatofautisha mambo hayo pasipo shida: ndege hulala, rubani huilaza; pua huinama, rubani huiinamisha; pua huinuka, rubani huiinua; ndege hugeuka, rubani huigeuza. Yafaa basi kazi za fimbo zitajwe kwa vitenzi vyenye mtendaji, yaani inua, inamisha, laza na geuza, na mrama uachiwe kazi yake ya asili: kutikiswa kwa ndege na upepo mkali.

Neno la pili ni kana, ule mkono wa usukani anaoushika mwongoza mashua. Kwa umbo, kana na fimbo ni ndugu. Kwa kazi, ni kinyume. Kana ikisukumwa kulia, ubao wa usukani huenda kushoto na omo hugeukia kushoto. Fimbo ya ndege ikisukumwa kulia, ndege hulalia kulia. Kijana wa Gazi aliyezoea kana baharini, akiambiwa kwamba fimbo ni kana, ataisukuma upande usio wake, na kosa litakuwa la mtunga istilahi. Usukani, kwa upande wake, unafaa kabisa kwa ubao uliosimama mkiani mwa ndege, kwa sababu kazi yake ni ileile ya tezini, kugeuza pua. Ila pedali ya kulia huigeuza pua kulia.

Wenzo wa injini nao waweza kuitwa wenzo wa kasi. Jina hilo linapotosha. Wenzo huo huongeza nguvu. Ndege inayopanda wima yaweza kupungukiwa na kasi hata injini ikiwa katika nguvu zake zote. Wenzo wa nguvu ndilo jina la haki.

Yabaki vitufe. Jambo liendalo kwa kiasi, kama nguvu ya injini, hupewa kitu kinachosogea kidogo kidogo. Jambo lenye hali mbili tu, kama magurudumu, hupewa kitufe. Yanayohitajiwa katikati ya mapigano, kama kufyatua, kubadili silaha na kutazama huku na huku, huwekwa juu ya fimbo na wenzo ili mikono isiondoke, kama ilivyo katika ndege halisi za kivita. Taa na magurudumu vyaweza kwenda kwenye kibodi. Lugha ifuate mpango huohuo: agizo la mara kwa mara liwe fupi, kama baharia asemavyo tweka au tua, na maelezo marefu yaachiwe mambo ya nadra.

Kanuni inayopatikana ni kwamba neno ligawiwe kwa kazi wala si kwa umbo. Kwa kanuni hiyo usukani unaingia, mrama unapata mahali pake, na kana inabaki baharini. Pale injini zinapochukua nafasi ya matanga, maneno ya aina hii hukosa wa kuyatumia. Kuyapa kazi mpya ni njia mojawapo ya kuyahifadhi. Lakini neno lililohifadhiwa kwa kupewa maana iliyo kinyume halikuhifadhiwa. Kwa hiyo orodha yoyote ya istilahi hizi, kabla ya kupigwa chapa, hapana budi isomwe mbele ya wavuvi wa Msambweni na mbele ya vijana wachezao, kwani wa kwanza wanajua neno na wa pili wanajua kazi.