Ndara za Mguu Mmoja

Wiki hii nilifika Kendwa. Mbele ya mahoteli pwani ilikuwa imefagiliwa, lakini hatua chache kando nilihesabu ndara 17, zote za mguu mmoja mmoja. Wenzao wako wapi, bahari ndiyo ijuayo.

Ndara, au kandambili, kila mji na jina lake, ikishakatika ukanda hapana anayeitazama mara ya pili. Fundi Ali Skanda wa Lamu aliitazama. Yeye na wenzake walijenga jahazi la mita 9, wakaliita Flipflopi, likashushwa majini Septemba 2018. Liliingia tani 10 hivi za plastiki iliyotupwa, na ndara 30,000.

Wengi hudhani jahazi zima ni ndara. Sivyo. Ndara ni laini, haihimili wimbi. Kilichobeba kazi ni plastiki ngumu, iliyoyeyushwa ikatiwa kwenye kalibu, ikatoka kama magogo na mbao. Mafundi wakaishika kwa zana zao zile zile: mkuku kwanza, kisha mataruma, kisha mbao za ubavu. Ndara zikaunganishwa kuwa vipande vipana vya rangi rangi, jahazi likavishwa. Bila ya vazi hilo kingekuwa chombo tu. Sijui nani angesimama kukitazama.

Mapema 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja, kilomita kama 500, na 2021 jahazi hilo hilo likazunguka Ziwa Victoria.

Mifuko ya plastiki Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017, Bara Juni 2019, na sisi Zanzibar tuliwatangulia. Ndara haimo katika marufuku hayo, na sioni vipi itiwe. Ndicho kiatu cha asiye na kiatu.

Kutoka Kendwa nilikwenda Nungwi, wanakounda majahazi. Nikamsimulia mzee mmoja habari hii. Aliuliza jua tu: mti haulegei kwa joto, plastiki je? Nikakiri kuwa hulegea, na kwamba jahazi lile halikuundwa kuwanyang'anya wao kazi, bali watu wasimame watazame takataka zao.

Mzee hakujibu. Alichukua ndara niliyokuwa nayo mkononi, akaisokomeza chini ya gogo alilokuwa akilichonga lisiteleze, akashika tezo yake.