Sajenti Aliyerukia Kifaru

Sisi tuliolelewa na wazee wa Keya (King's African Rifles) tunaijua vita ya Abyssinia, Ethiopia ya leo, kwa kusimuliwa. Kisa ninachokiheshimu kuliko vyote ni cha Sajenti Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, wa kikosi cha 1/6 cha Keya, kilichoundwa Tanganyika.

Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito, kombania mbili za Keya zilikuwa zimevuka mto Billate. Ghafla vifaru vya Waitaliano vikatoka vichakani, na askari wa kombania hizo hawakuwa na silaha ya kuvizuia. Leakey alikuwa ameishiwa mabomu ya mzinga wake mdogo. Akarukia kifaru kwa nyuma, akaufungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga bastola waliokuwamo, akamwacha dereva peke yake na kumlazimisha akiendeshe hadi mafichoni. Mzinga wa kifaru ulipokataa kufanya kazi, alishuka kuviwinda vingine kwa miguu, pamoja na sajenti-meja Mwafrika na askari wengine wawili. Alipanda kifaru kingine, akapigwa risasi, akaanguka.

Mwaka 1945 alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1856. Ni msalaba wa shaba nyeusi wenye utepe mwekundu. Mwili wake haukupatikana. Jina lake limeandikwa makaburini Nyeri.

Alistahili nishani hiyo. Lakini wale askari watatu walikabili vyuma vilevile, na watoto wetu wanastahili kufundishwa habari zao pia.