Eafoni za Nairobi: sauti huuzwa dukani, utunzaji huachiwa mnunuzi

Kwa mfanyabiashara mmoja wa Luthuli Avenue, hasara ya eafoni huanzia kwenye nta ya sikio. Wateja wanaomrudishia zile zisizo na waya, anasema, huja na dai moja: upande mmoja umezima, au unasikika kwa mbali. Akiumulika kwa tochi ya simu, mara nyingi hukuta wavu wa kutolea sauti umezibwa na vile vidoti vya kuchajia vimeliwa na jasho. Mteja ameshatumia miezi miwili na anataka warantii. Aliyemuuzia mzigo kwa jumla naye hupokea bidhaa mbovu ndani ya siku chache tu, tena boksi likiwa halijachanika. Mwenye duka hubanwa katikati, na akikataa kubadilisha, hutangazwa mtaani kuwa anauza feki.

Yeye hakubali kwamba anauza feki. Anachouza, anasisitiza, ni mali ya bei ambayo mteja mwenyewe ameitaja.

Lalamiko hilo lina upande mmoja, lakini linagusa mahali biashara hii inapomuumiza mnunuzi zaidi. Eafoni huuzwa kwa sauti. Ni nadra muuzaji kueleza zitasafishwa vipi, betri itadumu muda gani, au ni fundi yupi atakayekubali kuzifungua zikiharibika.

Bei zinajulikana. Kwa wachuuzi wa Tom Mboya Street na River Road, eafoni ya waya hupatikana kwa shilingi 100 hadi 300. Ndani ya vijiduka vya Luthuli, zisizo na waya za majina ambayo hayajawahi kusikika huanzia karibu 800, na zenye majina yanayofahamika hucheza kati ya 2,500 na 7,000. Kwenye maduka ya vioo ya Westlands na Ngong Road, jozi moja inaweza kupita 25,000. Nakala ya jozi hiyo hiyo, ikiwa na boksi linalofanana na hata picha ile ile inayojitokeza kwenye skrini ya simu zikiunganishwa, huuzwa katikati ya mji kwa bei isiyofika 3,000.

Tatizo la kwanza ni mahali pa kuzijaribia. Mwaka 2019 njia za miguu za Luthuli zilipanuliwa na magari yakapunguziwa nafasi, lakini barabara yenyewe haikunyamaza. Kila duka la spika hupiga wimbo wake, na hatua chache mbele makanga wanaita abiria. Katika kelele za namna hiyo, sauti nzito ndiyo hupotea kwanza sikioni, kwa hiyo eafoni iliyoongezwa bezi kupita kiasi huonekana bora kuliko jirani yake. Mnunuzi akifika Kangemi na kuzivaa chumbani, hukuta sauti ya mwimbaji imezama chini ya ngoma. Si mbovu. Zimetengenezwa zishinde jaribio la nusu dakika kando ya barabara.

Raba za silikoni hazizungumzwi kabisa, ilhali ndizo zinazoamua nusu ya sauti. Boksi kwa kawaida huwa na saizi tatu. Bezi hutegemea tundu la sikio kuzibwa vizuri. Ukibaki mwanya mdogo tu, sauti nzito huvuja na kinachosalia ni ukali unaochosha. Wengi huvaa saizi iliyokuja imefungwa na kuzitupa nyingine pamoja na boksi. Ukweli ni kwamba hata masikio mawili ya mtu mmoja huweza kutofautiana, na kubadilisha raba, jambo lisilo na gharama, mara nyingi huleta nafuu ambayo kuongeza shilingi 1,000 kwenye bei hakuleti.

Kisha kuna ahadi ya kuzima kelele. Kwenye matatu ya 46 ya Kawangware au 105 ya Kikuyu, teknolojia hiyo ikiwa ya kweli hupunguza mngurumo wa injini, kwa sababu ni sauti nzito isiyobadilikabadilika. Honi na kelele za kondakta hupita vizuri tu. Katika jozi nyingi za bei ya chini, maandishi hayo kwenye boksi yana maana nyingine kabisa: maikrofoni ndiyo husafishwa kelele wakati wa kupiga simu, ili anayesikiliza upande wa pili apate nafuu. Aliyelipa pesa hasikii tofauti yoyote. Hapa wauzaji hawawezi kujitetea kwa kusema hawajui.

Waya nao una soko lake, na sababu si umaskini peke yake. Simu nyingi zinazopokea redio ya FM hutumia waya wa eafoni kama eriali. Bawabu wa Lavington anayefuatilia mechi usiku kwa simu ya namna hiyo hana la kufanya na eafoni za Bluetooth, hata akipewa bure. Vijana wa Kilimani na Westlands wanaopokea simu za wateja wa ng'ambo wana sababu yao tofauti. Maikrofoni ya Bluetooth inapowashwa, muunganisho huhama kwenye mfumo wa simu, ambao kwa kawaida hubeba sampuli 8,000 au 16,000 za sauti kwa sekunde, ilhali wimbo kwenye diski una 44,100. Ndiyo maana jozi iliyokuwa ikipiga muziki vizuri hugeuka ghafla kuwa kama redio ya zamani mkutano unapoanza. Waya hauna mabadiliko hayo.

Kwenye utunzaji, pengo ni kubwa zaidi. Fundi mmoja mwenye kibanda kando ya Naivasha Road, Kawangware, hukata waya sentimita chache juu ya pini, pale ulipochoka kwa kukunjwa. Ndani hutoka nyuzi nyembamba: nyekundu ni ya upande wa kulia, ya kijani au samawati ni ya kushoto, na ile ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Zote zimepakwa vanishi, kwa hiyo huzipitisha kwenye moto wa kiberiti mpaka rangi iungue, huzikwangua kwa kucha, huzigusisha lehemu, kisha huzishikiza kwenye pini mpya. Kabla ya kuifunga huchomeka kwenye simu yake na kusikiliza pande zote mbili, maana kubadilisha kushoto na kulia ni kosa jepesi. Malipo ni kati ya shilingi 50 na 100.

Fundi huyo huyo akiletewa isiyo na waya iliyozima, huirudisha bila kuifungua. Gamba lake limebanwa kwa gundi, na likishapasuliwa, kinga ya maji imekwisha. Ndani mna betri ya kibonge, mara nyingi yenye uwezo wa mAh 30 hadi 60. Baadhi ya jozi za bei ya juu hutumia saizi inayopatikana sokoni, yenye kipenyo cha milimita 12 na unene wa 5.4, na mafundi wachache wa katikati ya mji hukubali kuibadilisha. Lakini betri mbili pamoja na kazi huweza kukaribia bei ya jozi mpya ya Luthuli, kwa hiyo mteja huchagua mpya.

Hesabu ya betri inastahili kuelezwa waziwazi dukani. Betri za lithiamu kwa kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 kamili ya kuchaji. Mtu anayezitumia kwenye matatu asubuhi, kazini na njiani jioni anaweza kumaliza mizunguko miwili kwa siku. Kwa mwendo huo, hata 500 haifiki mwaka. Jozi ya shilingi 1,200 inayokufa ndani ya miezi kumi humgharimu mtu 120 kwa mwezi. Ya waya ya shilingi 300, iliyorekebishwa mara mbili, ingeweza kumfikisha mwaka wa pili. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu, lakini hakuna kaunta inayoibandika ukutani.

Kuzitunza si kazi ngumu. Wavu husafishwa kwa brashi laini iliyo kavu, eafoni ikiwa imeelekezwa chini ili uchafu udondoke. Sindano na kijiti cha meno husukuma nta ndani zaidi au kutoboa wavu. Raba huvuliwa, huoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Vidoti vya kuchajia hufutwa kwa pamba yenye spiriti kidogo, na eafoni zenye jasho hazirudishwi kwenye kikasha mpaka zikauke. Waendesha bodaboda, ambao wengi huvaa upande mmoja kwa ajili ya ramani na simu, ndio huzichakaza haraka. Alama ya IPX4 ni ya matone na jasho; mvua ya Aprili kwenye Waiyaki Way ni jambo jingine, na kikasha chenyewe kwa kawaida hakina kinga yoyote. Lipo pia suala la sikio: mwongozo wa kimataifa wa usikilizaji salama wa mwaka 2019 unataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kuwa kikomo cha mtu mzima, kiwango ambacho ni rahisi kukipita ukishindana na spika za matatu.

Serikali hulitazama soko hili kwa jicho la bidhaa bandia. Takwimu ambayo maafisa huirudia ni kwamba biashara haramu ilipanda kutoka shilingi bilioni 726 mwaka 2017 hadi bilioni 826 mwaka 2018. Ni pesa nyingi mno, karibu sehemu moja ya kumi ya pato la taifa la wakati ule. Afisa anayeulizwa kuhusu eafoni huitaja, kana kwamba imejibu swali. Haijajibu. Inajumlisha biashara haramu ya kila aina na haimwambii mnunuzi wa Luthuli kama jozi aliyoshika itafika Krismasi. Stika ya ubora kwenye bidhaa za kuagizwa nayo haisemi lolote kuhusu betri kubadilishwa.

Kwa simu, angalau kuna namba ya IMEI. Ndiyo iliyowezesha simu bandia zaidi ya milioni moja kuzimwa mwishoni mwa Septemba 2012. Eafoni hazina namba inayosajiliwa kwenye mtandao, kwa hiyo hakuna wa kuzizima wala wa kuzihesabu. Haki za mnunuzi zimeandikwa: kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya bidhaa za ubora wa kuridhisha, sheria ya kumlinda mtumiaji ni ya 2012, na mahakama za madai madogo zilianza kazi mwaka 2021. Lakini atakayepoteza siku mbili za kazi kwa ajili ya shilingi 1,500 ni nani?

Yule mfanyabiashara ana malalamiko mengine, na hapa maneno yake yanahitaji kupimwa. Anataja VAT ya asilimia 16, tozo za bandarini, mizigo ya kuchanganya kutoka China iliyokwama mwaka 2019, na maduka yaliyofungwa au kuporwa wakati wa maandamano ya Juni 2024 na Juni 2025. Yote hayo ni kweli. Lakini dola iliyofika karibu shilingi 160 Januari 2024 ilishuka hadi karibu 130 mwaka ule ule, na bei za kaunta hazikushuka kwa kasi hiyo. Maelezo yake ni kwamba alikuwa akiuza mzigo wa zamani. Katikati ya 2024 maelezo hayo yalikuwa na uzito. Baada ya hapo yamechakaa.

Kuhusu taka, maafisa husema Kenya huzalisha zaidi ya tani 51,000 za taka za elektroniki kwa mwaka, na kanuni za 2024 zinawataka wanaoingiza bidhaa kubeba sehemu ya mzigo wa kuzikusanya. Kupima kwa tani kunaficha eafoni. Upande mmoja una gramu nne hadi sita, nao huishia kwenye takataka za jikoni ukiwa na lithiamu ndani.

Huenda nafuu ikatoka mbali. Kuanzia Februari 2027, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Kampuni kubwa zikibuni umbo moja la dunia nzima, jozi za maduka ya Westlands zinaweza kufaidika. Kwa zile zisizo na jina zinazoshushwa Luthuli, matumaini ni madogo. Watengenezaji wake si lazima waziuze Ulaya.

Wauzaji wa jumla wa River Road wenyewe hawaelewani. Kuna wanaopunguza oda za waya kwa kuwa simu nyingi mpya hazina tundu la pini ya duara, wakifuata njia iliyopewa umaarufu na kampuni moja ya Marekani mwaka 2016. Kuna wanaoagiza eafoni za waya zenye pini ya USB-C, wakiamini kwamba wateja waliochoka kununua betri watarudi. Hao wa pili wanaonekana kulisoma soko vizuri zaidi, ila bidhaa yao ina kasoro: eafoni za pini hiyo huhitaji saketi ndogo ya kugeuza mawimbi ya dijitali kuwa sauti, na pini ikivunjika, pini ya shilingi 50 ya Kawangware haitafaa.