Rimoti mpya, umeme wa zamani: funzo la jeti ndogo iliyovuka mipaka

NAIROBI. Jeti ilikuwa juu ya meza, injini imezimwa, magurudumu yananing'inia. Shemeji yangu alivisukuma vijiti viwili vya rimoti kwa pamoja hadi mwisho. Mabawa yakacheza, mkia ukacheza, magurudumu yakaanza kujikunja. Ghafla taa ya kipokezi, kile kisanduku kinachopokea amri za rimoti, ikazimika. Ndege nzima ikanyamaza. Zikapita sekunde kadhaa kabla ya taa kuwaka tena.

Hakuna aliyesema neno. Sote tulijua sekunde hizo zingekuwa na maana gani angani.

Ndege hiyo ya mfano aliinunua mkono wa pili kutoka Uingereza. Ina urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo kumi na ushei. Injini yake ni ya jeti kweli: inakunywa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, na mhimili wake unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Jeti za aina hii hupita kilomita 250 kwa saa bila taabu. Kitu kama hicho kikikosa mwongozo si mchezo wa watoto tena, hasa penye watazamaji.

Ilipofika ilikuwa na rimoti ya zamani ya megahezi 35, masafa yaliyotengewa ndege za mfano nchini Uingereza. Marekani walitumia megahezi 72. Udhaifu wa mitambo hiyo ulijulikana: watu wawili wakiwasha rimoti kwenye chaneli moja, ndege moja au zote mbili zinaanguka. Ndiyo maana vilabu viliweka ubao wenye vibanio uwanjani. Asiyekuwa na kibanio cha chaneli yake haruhusiwi kuwasha.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, rimoti za gigahezi 2.4 ziliondoa hofu hiyo. Kipokezi hufungamanishwa na rimoti yake na kutosikiliza nyingine, hata kama zimewashwa kumi uwanjani. Shemeji akafanya kama wengi wanavyofanya: akang'oa kipokezi cha zamani, akaweka kipya, akaacha betri, swichi na nyaya zilezile.

Hapo ndipo kosa lilipo. Kipokezi cha kisasa ni kompyuta ndogo. Volti zikishuka chini ya kiwango chake, hata kwa kufumba na kufumbua, kinajizima na kuanza upya, kama simu iliyochomolewa betri. Vipokezi vingi vya zamani vilivumilia mshuko huo kwa kutetemesha mabawa tu.

Na kinachoshusha volti ni sevo, zile mota ndogo zinazosukuma mabawa, mkia na usukani wa gurudumu la mbele. Jeti ya ukubwa huu huwa na sevo nane au zaidi, na sevo moja ya kidijitali ikibanwa inaweza kuvuta ampea kadhaa. Betri kuukuu ya volti 4.8, ikipita kwenye swichi moja nyembamba, haiwezi kuzilisha zote kwa wakati mmoja. Tatizo la mezani halikuwa mawimbi. Lilikuwa njaa ya umeme.

Kazi ya kurekebisha ikaanza upya, safari hii kwa mpangilio. Kwanza, betri mbili badala ya moja, kila moja na swichi yake, ili moja ikifa nyingine ishike. Alichagua lithiamu za seli mbili, zenye volti 7.4 na zinazofika 8.4 zikijaa. Sevo zake za zamani zilitengenezewa volti 6, kwa hiyo akaweka kidhibiti cha kupunguza volti, la sivyo zingeungua. Nyaya nyembamba zikabadilishwa kwa nene. Betri ya injini ikabaki peke yake, isichangiwe na kitu kingine.

Pili, antena. Waya wa kipokezi cha megahezi 35 ulikuwa na urefu wa karibu mita moja. Ncha inayopokea ya gigahezi 2.4 ni kama sentimita tatu tu, na mawimbi yake huzuiwa na kaboni, chuma na tangi la mafuta. Akaweka antena mbili mbali na vitu hivyo, moja imelala na nyingine imesimama, ili ndege ikigeuka, moja ibaki inasikia.

Tatu, amri ya dharura: mawasiliano yakikatika, injini izime yenyewe. Kisha likaja jaribio la umbali uwanjani, ndege imefungwa, rimoti imepunguzwa nguvu, injini ikinguruma.

Kwa wasomaji wa nchi jirani, jambo hili lina upande mwingine. Kila mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ana mamlaka yake ya usafiri wa anga na hutoa vibali vyake mwenyewe. Kibali cha Nairobi hakimpi mtu ruhusa ya kurusha Kampala au Arusha. Jumuiya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na kazi yake ni kusaidia nchi hizi kuoanisha kanuni. Wapenzi wa ndege za mfano ni wachache, lakini vifaa vyao vinavuka mipaka kila siku.

Hata betri zina sheria zake. Ukisafiri kwa ndege ya abiria, betri ya lithiamu ya akiba hubebwa mkononi, haiwekwi kwenye mzigo wa chini, na isizidi watisaa 100 bila idhini ya shirika. Hesabu ni rahisi: volti mara ampeasaa. Betri ya volti 7.4 na ampeasaa 3 ina watisaa 22 hivi. Funika ncha zake kwa utepe zisigusane.

Anayenunua jeti ya mkono wa pili kutoka Ulaya au Ghuba basi asianze na rimoti. Aanze na swali hili: umeme unatoka wapi, unapita wapi, na kimoja kikikatika ni kipi kitabaki?

Shemeji bado hajairusha, anasubiri kibali. Lakini juzi alirudia jaribio la mezani, vijiti vyote hadi mwisho, mara kumi mfululizo. Taa ya kipokezi haikupepesa hata mara moja.